Volti 285 zilizotulia: pawa saplai ya priamplifaya ya valvu

Wengi wanaojenga priamplifaya ya valvu, kifaa kinachokuza sauti hafifu kabla ya amplifaya kuu, kwa mara ya kwanza hutumia wiki nzima kuchagua valvu na kapasita za kupitishia sauti, kisha pawa saplai, sehemu inayolisha vyote umeme, huichora siku ya mwisho. Wakiwasha, mvumo unawapokea kabla ya muziki. Wanabadilisha valvu, mvumo upo. Wanabadilisha waya wa kuingizia sauti, mvumo bado upo. Makala hii inahusu sehemu hiyo iliyochorwa mwisho, ambayo kwa maoni yangu ndiyo ya kuchorwa mwanzo.

Tuanze na valvu moja ya 12AX7, ambayo Ulaya huitwa ECC83. Anodi yake, mguu wa juu, imeunganishwa kwenye volti 285 kupitia rezista ya kilo-omu 100. Muziki unapofika kwenye gridi, mguu unaoongoza mkondo, mkondo wa valvu huongezeka na kupungua, na volteji ya anodi hushuka na kupanda kwa kadiri hiyo. Hayo kila mchoro huyaonyesha. Kinachosahaulika ni njia ya kurudi. Mkondo uliopita kwenye valvu unatoka kathodi, mguu wa chini, unashuka hadi ardhi ya saketi, unapita ndani ya pawa saplai na kutokea tena juu ya ile rezista. Muziki wote unazunguka humo. Saketi ikishaonekana hivyo, pawa saplai inakuwa nusu ya amplifaya.

Valvu yenyewe haina kinga ya maana dhidi ya uchafu unaotoka juu. Ukinzani wa ndani wa 12AX7 ni takribani kilo-omu 62.5. Ukiuweka chini ya rezista ya kilo-omu 100, unapata kigawanyaji cha volteji: karibu asilimia 38 ya chochote kinachotikisika kwenye volti 285 inatokea kwenye anodi. Hiyo ni endapo kathodi ina kapasita ya kupitishia sauti kwenda ardhini. Bila kapasita hiyo, hali huwa mbaya zaidi.

Sasa tufanye hesabu kwa priamplifaya ya santuri, kwa sababu hakuna kifaa kisichosamehe kama hicho. Transfoma ina sekondari ya volti 250. Dayodi nne zikinyoosha mkondo geu (AC) uwe mkondo mnyoofu (DC), kapasita ya kwanza hujaa hadi kilele cha wimbi, yaani 250 mara 1.414, karibu volti 353. Umeme wa ukutani ukiwa wa hezi 50, kapasita hujazwa mara 100 kwa sekunde, na katikati ya kujazwa na kujazwa valvu zinaendelea kunywa. Zikinywa miliampea 12 kwenye kapasita ya maikrofaradi 100, volteji inashuka takribani volti 1.2 kabla ya kujazwa tena. Hivyo ndivyo viwimbi.

Volti 1.2 mbele ya 353 zinaonekana si kitu. Lakini kichwa cha santuri cha sumaku inayosogea hutoa milivolti 5 hivi. Hatua ya kwanza ikikuza mara 60, kwenye anodi tuna muziki wa karibu volti 0.85 kilele hadi kilele. Viwimbi, vikipunguzwa hadi asilimia 38, vinafika hapohapo vikiwa volti 0.46. Kisha mkunjo wa RIAA, ambao lazima uinue besi ili kurudisha kilichopunguzwa santuri ilipokatwa, unainua hezi 100 kwa desibeli 13 juu ya hezi 1000, yaani mara 4.5. Volti 0.46 zinakuwa sawa na volti 2 na ushei. Mvumo umeupita muziki zaidi ya mara mbili. Ili uwe desibeli 80 chini ya muziki, tunahitaji kuupunguza mara elfu 24 hivi.

Kazi tatu ndani ya neno moja

Tunaposema kidhibiti volti, tunataja kazi tatu kwa pamoja, na mkanganyiko mwingi unaanzia hapo. Kazi ya kwanza ni kushikilia thamani: umeme wa ukutani ukipanda au kushuka, volti 285 zibaki 285. Ya pili ni kufuta viwimbi na kelele. Ya tatu ni kuwa njia fupi ya mkondo wa muziki, yaani kuwa na impidensi ndogo (ukinzani dhidi ya mkondo unaobadilika) kwenye masafa yote tunayosikia.

Katika kazi hizo, valvu inajali ya kwanza kwa kiasi kidogo sana. 12AX7 haitambui tofauti ya volti 285 na volti 290; wewe pia hutaisikia. Ninalisisitiza hili kwa sababu nimeona watu wakitumia fedha na muda mwingi kutafuta usahihi wa sehemu moja kwa elfu, huku kelele ikiwa imeachwa ipite. Kwa priamplifaya, jenga kwanza ukimya, kisha impidensi ndogo, na thamani kamili iwe ya mwisho.

Impidensi ina ushahidi wake wa kusikika. Kapasita ya maikrofaradi 47 peke yake, kwenye hezi 20, ni kama rezista ya omu 169. Hatua mbili tatu za valvu zikichangia kapasita hiyo, mkondo wa hatua ya mwisho unaitikisa volteji ya hatua ya kwanza, nayo inakuza mtikisiko huo na kuurudisha. Mzunguko ukikamilika kwa mwelekeo mbaya, spika inaanza kutoa pu-pu-pu-pu kama injini ya boti, hata bila santuri kuwekwa. Tiba ya kale ni kuipa kila hatua rezista na kapasita yake. Kidhibiti chenye impidensi ndogo, hata kwenye hezi 5, kinaung'oa ugonjwa huo mzizini.

Saketi ninayoipendekeza

Ni mosfeti moja, aina ya transista yenye miguu mitatu, inayofuata volteji ya rejea, yaani volteji tulivu ya kuigwa. Dreni inapokea umeme mchafu, geti inashikiliwa kwenye volteji tulivu, na sosi inatoa volteji ileile ikiwa imepungua kwa volti 4 hivi. Uzuri wote uko kwenye geti: haivuti mkondo wowote wa kudumu. Kwa hiyo tunaweza kuichuja volteji ya rejea kwa rezista kubwa mno bila kupoteza hata volti moja, jambo ambalo haliwezekani kwenye njia ya mkondo mkubwa.

Rejea inatoka kwenye dayodi za zena, ambazo kila moja hushikilia volteji yake, zilizopangwa kwa mfululizo: tatu za volti 91 na moja ya volti 15, jumla 288. Rezista ya kilo-omu 27 inazilisha kwa miliampea mbili hivi. Zitafute za wati 1.3, maana umeme wa ukutani ukipanda, mkondo wake unaongezeka na kila moja ya zile kubwa inaweza kufikia wati 0.3.

Zena za volteji ya juu zina kelele. Juu ya volti 6 hivi zinafanya kazi kwa mporomoko wa elektroni, na mporomoko huo unasikika kama mvua kwenye bati. Pia zinahama na joto, takribani sehemu moja kwa elfu kwa kila nyuzi moja ya selsiasi. Joto lake likipanda kwa nyuzi 30, mfululizo wetu utapanda kwa volti 8 na zaidi. Kuhama huko hakunisumbui hata kidogo. Kelele inanisumbua sana. Kwa hiyo kati ya zena na geti tunaweka rezista ya kilo-omu 470, na kutoka hapo kapasita ya maikrofaradi 10 kwenda ardhini. Kwenye hezi 100 kichujio hiki kinapunguza viwimbi na kelele ya zena karibu mara 2,950. Kapasita hii iwe ya plastiki. Ya elektroliti huvuja, na maikroampea 20 tu za kuvuja zikipita kwenye kilo-omu 470 zinakuondolea volti 9.

Kichujio hichohicho kinatoa zawadi nyingine. Kilo-omu 470 mara maikrofaradi 10 ni sekunde 4.7, kwa hiyo volteji inapanda taratibu kwa muda wa robo dakika, karibu sawa na muda ambao valvu zinahitaji kupata moto. Kwa valvu ndogo, hofu ya kathodi kuchubuka kwa volteji ya juu ikiwa baridi imekuzwa kupita kiasi. Hatari ya kweli iko kwenye saketi ambazo gridi ya valvu ya pili imeunganishwa moja kwa moja na anodi ya valvu ya kwanza. Kabla ya moto, anodi hiyo inakaa kwenye volti zote 285 na kathodi inayofuata ikiwa sifuri, na cheche inaweza kuruka katikati yake. Kupanda taratibu kunapunguza hatari hiyo, na dayodi au taa ndogo ya neoni kati ya gridi na kathodi inaimaliza.

Mbele ya mosfeti weka rezista ya kilo-omu 1 na kapasita nyingine ya maikrofaradi 47. Kwa miliampea 12 inakula volti 12 tu, nayo inapunguza viwimbi karibu mara 30 kabla havijagusa dreni. Bila hatua hii, viwimbi vinaweza kupenya ndani ya mosfeti yenyewe kupitia uwezo mdogo wa kapasita uliopo kati ya dreni na geti.

Bajeti ya volti inakaa hivi. Umeme wa ukutani ukishuka asilimia 10, zile 353 zinakuwa 318, na baada ya rezista 306. Tunatoa 284 au 285, kwa hiyo mosfeti inabaki na volti 21 za kupumulia, zinatosha. Ukipanda asilimia 10, tunapata 389, na mosfeti inabeba volti 92 kwa miliampea 12: wati 1.1. Bati dogo la kupoozea linatosha kwa hali ya kawaida. Lakini transfoma ndogo, isipokuwa na mzigo, hutoa zaidi ya kilichoandikwa juu yake, na kabla valvu hazijapata moto mzigo haupo. Ongeza asilimia 10 nyingine na uko karibu na volti 430. Kapasita za volti 450 ziko ukingoni hapo. Ningetumia za volti 500, au mbili kwa mfululizo, kila moja ikiwa na rezista ya kusawazisha sambamba nayo.

Kinachoziua mosfeti

Mosfeti zangu tatu za kwanza zilikufa, zote siku moja, na ilinichukua muda kuelewa sababu. Kila mara ncha ya mita iliteleza ikagusanisha toleo, mahali volti 285 zinapotokea, na ardhi. Nilikuwa tayari nimeweka zena ya volti 12 kati ya geti na sosi, kwa kuwa mosfeti nyingi hazivumilii zaidi ya volti 20 hapo. Hata hivyo zilikufa.

Sababu ilikuwa ileile kapasita tulivu ya rejea. Toleo likigusana na ardhi, sosi inaanguka hadi sifuri papo hapo, lakini kapasita ya maikrofaradi 10 bado imejaa volti 288. Inajimwaga yote kupitia zena ndogo ya geti, zena inaungua, na geti inafuata. Dawa ni rezista ya kilo-omu 10 kati ya kapasita na geti: mkondo wa kujimwaga hauwezi kupita miliampea 29, na zena inaustahimili. Mbali na hiyo, rezista ya omu 100 iliyolehemiwa karibu kabisa na mguu wa geti inazuia mosfeti isijitetemeshe kwenye masafa ya megahezi. Mtetemo huo hausikiki, ila mosfeti inapata moto bila sababu inayoonekana.

Halafu kuna mkondo wenyewe. Weka rezista ya omu 22 kwenye sosi na transista ndogo ya NPN inayoitazama, miguu yake ikiwa hivi: besi kwenye sosi, emita kwenye toleo, kolekta kwenye geti. Mkondo ukifika miliampea 30 hivi, kwenye rezista kunakuwa na volti 0.65, transista inafunguka na kuishusha geti. Toleo likiwa limegusana na ardhi, mosfeti itabeba wati 9 au 10, kwa hiyo bati la kupoozea lipimwe kwa siku hiyo mbaya. Chagua mosfeti ya volti 500 au zaidi, na usome kwenye karatasi ya data grafu ya eneo salama la mkondo mnyoofu. Ampea 8 zilizoandikwa kwa herufi kubwa hazina maana kwenye volti 350.

Jambo dogo ambalo wengi hawalijui: rezista nazo zina kikomo cha volteji, mbali na kikomo cha wati. Rezista ya kawaida ya robo wati mara nyingi huruhusiwa volti 250 tu. Popote ambapo volteji yote ya saketi inaangukia rezista moja, tumia mbili au tatu kwa mfululizo.

Vipi kuhusu vidhibiti vya mrejesho?

Hivyo hupima toleo lake na kulirekebisha. Vipo, na vingine ni vizuri sana. Zamani kazi hii ilifanywa na valvu tupu: 6AS7 au 6080 ya kupitisha mkondo, pentodi ndogo ya kulinganisha, na valvu ya gesi kama 0A2 ikishikilia volti 150 kama rejea. Anayependa mwanga wake wa zambarau anaweza kuitumia hata leo, ila asiweke kapasita kubwa kuliko maikrofaradi 0.1 sambamba nayo, vinginevyo gesi itawaka na kuzimika mfululizo.

Mwaka 1980 Michael Maida wa National Semiconductor alionyesha jinsi ya kuifanya LM317, chipu ya kawaida ya kudhibiti volti, ielee juu ya mamia ya volti, huku transista ya volteji ya juu ikiikinga isione zaidi ya volti chache. LM317 haijui ardhi iko wapi. Inalinda volti 1.25 kati ya miguu yake miwili, basi. Wazo ni zuri, na uthabiti wake wa thamani ni bora kuliko wa mosfeti yetu. Tatizo lake ni kelele. Ili kupata volti 285, zile 1.25 zinazidishwa mara 228, na kelele ya ndani ya chipu inazidishwa nazo. Karatasi ya data inatoa kelele ya asilimia 0.003 ya toleo, ambayo kwa volti 285 ni milivolti 8.5. Kwa hatua ya mwisho ya priamplifaya, baada ya rezista na kapasita za kuchuja, inaweza kuvumilika. Kwa hatua ya kwanza ya santuri, hapana.

Kidhibiti cha sambamba ni njia nyingine: mkondo usiobadilika unaingia, na kisichohitajika kinamwagwa ardhini. Mkondo wa muziki unazunguka kwenye kitanzi kidogo na haufiki kwenye transfoma. Wanaokipenda wana hoja, lakini gharama yake ni joto la kudumu, na mimi naona faida ni ndogo kwa kazi hii.

Waya, hita na mikono

Kapasita ya kwanza haijazwi kwa mkondo wa miliampea 12 unaotiririka. Inajazwa kwa mapigo mafupi, makali mara kadhaa kuliko wastani. Kitanzi cha transfoma, dayodi na kapasita hiyo kiwe kidogo na kifungwe chenyewe. Ardhi ya valvu ichukuliwe kutoka kapasita ya mwisho, baada ya kidhibiti. Ukiunganisha ardhi ya valvu katikati ya kitanzi cha mapigo, umeurudisha mvumo wote uliokwisha kuufuta, na hakuna kidhibiti kitakachokuokoa.

Hita za 12AX7, nyuzi zinazopasha kathodi moto, zinaweza kupewa volti 6.3 za mkondo geu, lakini kwa santuri mkondo mnyoofu ni bora. Vyovyote vile, usiziache zielee. Gawanya volti 285 kwa kilo-omu 220 na 47, utapata volti 50; unganisha hapo waya wa katikati wa hita, na kapasita ndogo kwenda ardhini. Hita zikiwa juu ya kathodi kwa volti kadhaa, elektroni haziruki kutoka hita kwenda kathodi.

Kuhusu mikono siandiki kwa kawaida ya kuandika. Maikrofaradi 100 kwenye volti 353 zinabeba zaidi ya jouli 6, na mkondo mnyoofu wa volteji hiyo unaua. Rezista ya kumwagia ya kilo-omu 220, ya wati 2, iwekwe moja kwa moja kwenye kapasita ya kwanza. Baada ya kuzima, kapasita hiyo peke yake inachukua sekunde 43 hivi kushuka chini ya volti 50, kwa hiyo ngoja dakika mbili kamili, kisha pima kwa mita kabla ya kugusa. Weka ya pili kwenye toleo, kwa sababu valvu zikiwa zimetolewa hakuna kinachonyonya. Kasha la chuma liunganishwe na waya wa ardhi wa jengo kwa boliti yake yenyewe. Ukipima kikiwa kimewashwa, mkono mmoja ukae mfukoni.

Washa mara ya kwanza bila valvu, kupitia balbu ya nyuzi iliyounganishwa kwa mfululizo na umeme wa ukutani: ikiwaka kidogo na kufifia, mambo ni mazuri; ikibaki inang'aa, zima. Kisha tumia balbu hiyohiyo na mzigo wa bandia, rezista ya kilo-omu 22 ya wati 10, ambayo inavuta miliampea 13. Toleo linapaswa kupanda polepole na kusimama, japo balbu ikiwapo linaweza kusimama chini kidogo. Iondoe balbu, pima tena, kisha ndipo uweke valvu.

Kama baada ya hayo yote bado kuna mvumo, sikiliza aina yake. Mvumo wa hezi 100, wenye makali kama nyuki, unatoka kwenye viwimbi au kwenye ardhi iliyounganishwa mahali pabaya. Mvumo wa hezi 50, mzito na laini, mara nyingi hautoki kwenye volti 285 kabisa: ni hita za mkondo geu, au sumaku ya transfoma inayofikia waya za kuingizia. Izungushe transfoma kwa robo duara kabla ya kuifunga boliti, ukisikiliza kwa vifaa vya masikioni, na mahali mvumo unapopungua zaidi ndipo pa kutoboa matundu.